Kichwa Kilichoachwa Wazi

Singida mjini
Jumatano, alasiri

Zuhura mwanangu,

Umekwenda Mtinko kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko sokoni, kwa hiyo nyumba imebaki na mimi mpaka magharibi. Nimechukua daftari lako la Fizikia la kidato cha pili, lile lililobaki nusu tupu, nikakaa mezani kuandika. Ningeweza kungoja urudi niseme kwa mdomo. Nimengoja hivyo miaka sita. Kila nilipokusudia kusema, maneno yaliyotoka yalikuwa, "Umeshakula?"

Kesho alfajiri unapanda basi la Mwanza. Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameyasema yote, na mengine ameyasema mara tatu: blanketi, dawa ya tumbo, kitasa cha chumba cha kupanga, watu wa kukaa nao mbali. Mimi nina jambo moja tu, na sioni kama kulisema kutaponya kitu. Ninaliandika kwa sababu Jumapili nilikusikia kwenye simu.

Ulikuwa uani unafua, simu umeibana kati ya sikio na bega. Yule mwenye ofisi ya mabango ya Mwanza lazima alikuuliza kama unajua kuhudumia kichwa cha mashine kubwa ya kuchapa, kile kinachorusha wino, maana ulijibu, "Ndiyo, naweza. Kupima matundu, kuloweka, kubadilisha kikombe." Ukamsikiliza kidogo. Nadhani aliuliza umejifunza wapi. Mimi nilikuwa ndani, karibu na dirisha, nikasimama kungoja jibu.

"Nilifundishwa na Fundi Ntandu wa Singida," ukasema.

Ofisi ilikuwa yangu. Mashine niliipakia mimi kwenye lori Dar es Salaam, nikakaa juu ya magunia pembeni yake mpaka hapa. Hukunitaja, na hukusema uongo. Nilikaa kitandani mpaka mama yako akaja kuuliza kama naumwa.

Ulipozaliwa mimi nilikuwa mchoraji wa maandishi. Mlango wa duka, ubavu wa gari, ukuta wa zahanati, vyote nilivipita na brashi. Halafu yakaja mabango ya kuchapwa, na ndani ya miaka michache hakuna aliyeniita tena. Nikauza shamba la baba yangu, nikanunua mashine iliyokwisha kutumika, upana wake kama kitanda cha watu wawili. Nilijua kuiwasha. Basi. Mtu mmoja akaniambia kuna fundi wa Issuna aliyefanya kazi na mashine kama hizo Dar miaka mingi, amerudi kumuuguza mama yake. Ndivyo tulivyompata Ntandu. Alikuwa amenizidi umri, na wewe ukamwita Baba Mkubwa tangu siku ya kwanza, bila kuambiwa na mtu.

Siku hiyo hakuiwasha mashine. Alifungua mfuniko wa pembeni, akapiga goti, akakitazama kwa muda mrefu kile kikombe chenye mdomo wa mpira, mahali kichwa kinapolala kazi ikiisha. Akaupapasa mpira kwa kidole. "Umekatika hapa," akasema. "Hewa inaingia, wino unakauka ndani ya matundu. Na hapa kwetu upepo hauna huruma. Dar hewa yenyewe ina maji." Akaomba kitambaa na ndoo ya maji, akaisukuma ndoo chini ya mashine ili hewa ya chumba isikauke sana. Wapangaji wenzangu walicheka kwamba Ramadhani ananywesha mashine kama ng'ombe. Nilicheka nao. Lakini miaka mitatu ile mashine haikutoa bango hata moja lenye mistari.

Wewe ulikuwa unapita pale kila ukitoka shule. Alikuwa anakupa karatasi ya testi, ile mashine inayoichapa mistari ya kila rangi kupima matundu, unaibandika kwenye kioo cha dirisha, unahesabu mapengo. Nawasikia mpaka leo.

"Nyeusi mawili, bluu moja."

"Na jana?"

"Jana nyeusi mawili vilevile."

"Mahali pale pale?"

"Pale pale."

"Basi hayo yameziba, wino umeganda ndani. Yangehama, leo hapa kesho pale, ungejua tundu lenyewe ni zima, lina njaa ya wino tu. Hapo unatazama mirija kama ina hewa, unatazama vichujio. Usikimbilie kuosha. Kuosha kunamaliza wino, na kunamaliza kichwa."

Nyuma ya kila karatasi aliandika siku na saa kwa mwandiko wake wa kulala, akaitundika kwenye msumari. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu hatua nne kutoka hapo. Niliyasikia yote, sikujifunza hata moja. Nilidhani kwa kuwa ninamlipa yeye, basi na anachokijua ni changu.

Ijumaa ile shule ilifungwa kwa likizo. Ntandu aliondoka saa nane mchana na bango la shule moja ya Ikungi, akalitundike kisha apitilize kwao Issuna mpaka Jumatatu. Mimi nilibaki nachapa bango la Bwana Jayesh, mwenye jengo letu, yule wa duka la vifaa vya ujenzi. Saa kumi na nusu umeme ukakatika. Kichwa kikasimama katikati ya reli, matundu yake wazi. Ulikuwa umekaa dirishani na mkoba magotini, na ulisimama kabla yangu.

"Baba, kichwa kiko wazi."

"Nimeona."

"Baba Mkubwa anasema umeme ukikatika kisukumwe kwa mkono, taratibu, mpaka kwenye kikombe chake. Na kikombe kiwekwe dawa ya kusafishia kwanza."

"Umeme utarudi sasa hivi."

"Nikisukume mimi?"

"Usiguse. Chukua mkoba, twende."

Sikuwa na haraka yoyote ya maana. Rafiki zangu wawili walikuwa wamenipigia simu kwamba kuku ameiva, wananingoja. Nilikuwa na njaa, na nilichukia kuelekezwa kazi na mtoto anayemnukuu mfanyakazi wangu. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta sababu kubwa zaidi ya hiyo miaka yote hii, sijaipata.

Umeme ulirudi Jumapili jioni. Jumamosi nzima na Jumapili ule upepo wetu ulikuwa unaingia kwa dirisha ambalo pia nililisahau. Jumatatu tulifika mimi na wewe, mapema. Nikawasha, nikatoa testi. Njano ilikuja. Nyekundu ilikuja nusu. Bluu na nyeusi hakuna kitu, karatasi nyeupe kama haijaguswa. Nikabonyeza kuosha, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Wewe ulisimama ukutani, hukusema nimekuambia. Afadhali ungesema.

Sasa nisikilize hapa. Kwa muda mrefu nimejisimulia kwamba yale maneno niliyoyasema asubuhi ile yalinitoka bila kufikiri. Si kweli. Kabla mtu yeyote hajaingia nilikwenda kwenye msumari nikatoa karatasi ya Ijumaa, ya saa saba na nusu, matundu yote yamejaa, imeandikwa na Ntandu, ushahidi kwamba alikiacha kichwa kizima. Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Uliniona. Macho yako yalishuka kwenye mfuko wangu, kisha yakaenda sakafuni.

Bwana Jayesh ndiye aliyeingia kwanza, na mkewe nyuma yake. Halafu Ntandu, ametoka Issuna na basi la asubuhi, ana vumbi mpaka kwenye kope.

"Ramadhani, vipi?" Bwana Jayesh akauliza. "Si ulisema leo?"

"Kichwa kimekauka," nikasema. "Fundi alikiacha wazi Ijumaa."

Ntandu alidhani natania. "Mimi Ijumaa nilitoka saa nane."

"Ulirudi jioni. Ukaendelea na kazi, ukafunga wewe."

"Sikurudi, Ramadhani. Nilipitiliza nyumbani."

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema, labda nimechanganya siku. Badala yake niligeuka kwako mbele ya wote.

"Zuhura. Baba Mkubwa hakurudi jioni?"

Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulimtazama yeye, ukanitazama mimi, na nilikukazia macho kama ninavyokukazia ukichelewa kurudi. Mdomo wako ulitetemeka.

"Alirudi," ukasema.

Ntandu hakubishana tena. Alikutazama wewe, siyo mimi. Akavua koti la kazi, akaliweka juu ya meza yangu likiwa limekunjwa, akachukua mfuko wake wa bisibisi. Mlangoni alisimama, akasema, "Msikioshe tena. Kilowekeni." Akaenda.

Aliyesingiziwa mbele ya watu, neno lake la mwisho lilikuwa la kukiokoa kichwa changu.

Hukula siku ile. Mama yako alidhani ni malaria, akakupeleka kupima, wakamwambia huna kitu. Tangu hapo hukumtaja tena Baba Mkubwa mbele yangu, mpaka Jumapili hii kwenye simu. Hata hapo ulimwita Fundi.

Sikukiloweka. Niliona kuloweka ni kumtii. Nikaosha tena, mara sijui ngapi, nikasikia pampu inavuta hewa tupu. Kisha nikatafuta bomba la sindano, nikaunganisha mpira kwenye njia ya bluu, nikasukuma dawa kwa nguvu. Haikupita. Nikasukuma zaidi. Nikasikia kitu kidogo ndani, kama ganda la njugu linapovunjika, halafu dawa ikapita yote kwa wepesi, na nikafurahi. Nilifurahi kabisa, Zuhura, nikakuita uje uone. Testi ilipotoka, bluu ilikuwa imeingia kwenye njano, na mahali pa njano palikuwa kijani. Nilikuwa nimepasua kuta za ndani. Baada ya hapo hakuna kuosha wala kuloweka. Kichwa kimekufa.

Kichwa cha pili nilikinunua Dar kwa simu. Muuzaji alisema ni kipya. Hakikuwa kipya. Kila tundu lilitoa wino, hakukuwa na pengo hata moja, nami nikaona nimepona. Lakini mistari ya testi haikunyooka, ilikuwa kama meno ya mzee, moja huku moja kule. Wino ulikuwa unarushwa pembeni. Nilikisafisha, nikakisafisha. Sikujua kwamba hiyo siyo kuziba, hiyo ni kuisha, na kwamba kila nilipokisafisha nilikuwa nakimaliza zaidi. Wewe ulijua. Siku moja ulisimama nyuma yangu ukasema polepole, "Hicho kimechoka, baba, hakijaziba," nami nikakuambia nenda kasome.

Ndipo wakaja wale watu wa Mtinko na picha ya marehemu wao. Sidhani umewasahau. Mazishi yalikuwa alasiri ileile, walitaka bango la kuweka mbele ya jeneza, uso mkubwa, tabasamu. Nilikuwa nimeona testi asubuhi. Nilijua. Ningewaambia waende kwingine wangewahi. Nilichapa polepole, kichwa kipite mara nyingi, nikitumaini mistari itafichika. Haikufichika. Uso wa yule mzee ulitoka na michirizi tangu paji mpaka kidevu, na ngozi imeingia ukijani. Mjane wake alishika pembe ya khanga, akaanza kuupangusa. Alidhani ni vumbi. Akapangusa shavu, akapangusa jicho, taratibu, kama unavyompangusa mtu aliye hai. Mtoto wake mkubwa akamshika mkono, akamwambia, "Mama, ndivyo lilivyo." Walilichukua kwa sababu hawakuwa na muda. Wewe ulikuwa pale. Ulitoka nje, na hukurudi tena ofisini mpaka siku ya kufunga.

Hayo uliyaona. Hili linalofuata hukuliona, na mama yako halijui.

Miezi michache baada ya Ntandu kuondoka, mpwa wa Bwana Jayesh alifungua ofisi yake ya kuchapa, mashine mbili mpya. Bwana Jayesh alikuja kwangu, akafunga mlango. Alikuwa mtu wa haki, hakupenda kumwajiri mtu kabla hajamuuliza mwajiri wa zamani. "Yule fundi wako," akasema, "kijana wangu anamtaka. Amesikia anajua kazi. Ile siku ilikuwa bahati mbaya tu, au ndivyo alivyo?"

Hakukuwa na mteja wa kumwonea aibu, wala mtoto wa kumkazia macho. Tulikuwa wawili. Neno moja langu lingemrudisha Ntandu mjini, kwenye kazi anayoijua, na mimi nisingepoteza kitu. Lakini niliwaza akiwa pale, ng'ambo ya barabara, mabango yake yanatoka safi, watu watauliza mbona kwa Ramadhani hayatoki hivyo. Nikasema, "Ni mtu mzuri. Ila mikono imeshakuwa mizito, na husahau."

Bwana Jayesh akanishukuru.

Ofisi yetu ilikufa hata hivyo. Mashine walikuja kuichukua watu wa vyuma chakavu, uliwaona wakiigawa vipande barazani. Wewe ukaenda kuandikia watu barua na maombi ya kazi kwenye stationari ya jirani, miaka yote hiyo, na mikono inayojua kazi adimu. Hakuna aliyekupa mashine kwa sababu ulikuwa binti wa Ramadhani aliyeua vichwa viwili. Ndiyo maana unaondoka. Mama yako anawaambia majirani umepata nafasi nzuri. Mimi najua nilikufungia milango ya hapa mmoja mmoja.

Jumatatu hii nilipowaambia nakwenda hospitali, sikwenda hospitali. Nilikwenda Issuna.

Nilimkuta Ntandu uwanjani kwake anapiga alizeti kwa fimbo. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Mkewe alinitambua kwanza, akaokota ungo wake, akaingia ndani bila salamu. Nikasema, "Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu kiti."

Alinijibu kwa Kiswahili. Zuhura, mimi na yule mtu miaka mitatu hatukuwahi kusalimiana ila kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani. Nilijaribu kurudi kwenye Kinyaturu, akaendelea na Kiswahili, Kiswahili kizuri cha kumpokelea mgeni wa serikali. Basi nikasema yote kwa Kiswahili. Ijumaa, kuku, karatasi niliyoikunja, wewe. Alikuwa ameshika fimbo kati ya magoti.

Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja. "Kilikaa wazi muda gani?"

"Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi."

Akatikisa kichwa, na hapo ndipo nilipoona huzuni usoni pake kwa mara ya kwanza. "Hata siku tatu hazikutimia. Kingerudi. Ningekiloweka usiku mmoja, labda na mchana wake, matundu yote yangefunguka. Kichwa kilikuwa kizima kile."

Nikamwambia na habari ya Bwana Jayesh, kwamba nilisema mikono yake mizito. Aliitazama mikono yake. Ngozi ya viganja imekuwa kama kwato, kidole kimoja hakikunjiki tena, alisema kiligongwa na jembe.

"Sasa ni kweli," akasema.

Mkewe alileta chakula, ugali wa mtama na mlenda, akakiweka kati yetu, akarudi ndani. Tulikula. Hakunitukana, na hakuniuliza lolote zaidi. Nilikwenda na maneno mengi ya kuomba, na kila nililolifikiria lilikuwa dogo.

Jana nilikwenda kwa Bwana Jayesh pia. Nilidhani angalau jina la mtu linaweza kusafishwa. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema, "Ramadhani, kwa nini unaniambia leo? Kijana wangu ana mafundi wawili, amewazoea. Nikimwambia leo, itasaidia nini?" Nilisema angalau ajue. Akasema, "Haya, nimejua." Mteja akaingia kuulizia misumari.

Kwa hiyo hakuna kilichorudi, na sikuandikii kama mtu aliyetengeneza mambo yake.

Nakuandikia kwa sababu kesho unakwenda kukaa kwenye kiti cha Ntandu. Huko kuna ziwa, labda hewa ina maji kidogo, labda vichwa havikauki haraka kama vya hapa. Lakini vitaziba, na vitaisha. Siku itafika utamwambia mwenye ofisi, hiki kimekwisha, tuagize kingine, naye hatataka kusikia. Atakuambia osha tena. Utaosha kwa sababu yeye ndiye anayekuajiri, na kikifa atatafuta mtu wa kumtwisha, na wa karibu utakuwa wewe. Ningependa kukuambia kwamba watu wa kule ni tofauti. Siwajui. Ninayemjua ni mimi, na mimi sikuwa mtu mbaya kuliko wengine hapa mjini. Watu walinisalimu vizuri, niliswali, nilichangia misiba. Hilo ndilo linalonitisha kwa ajili yako.

Andika siku na saa nyuma ya karatasi za testi, kama alivyokuonyesha. Lakini usitundike zote ofisini. Baadhi kaa nazo chumbani kwako. Ni ushauri wa ajabu baba kumpa binti yake, ujiwekee akiba ya ushahidi, ila sina mwingine ninaouamini.

Sikuombi unisamehe. Nimelifikiria hilo sana leo mchana. Nikikuomba, utanikubalia, kwa sababu ndivyo ulivyo, nami nitakuwa nimekusimamisha tena mbele yangu na kukukazia macho mpaka useme ninachotaka kusikia. Usinijibu hili. Piga simu uzungumze na mama yako, mimi nitasikia sauti.

Wala barua hii si siri. Mwonyeshe mama yako ukitaka, au shangazi yako, au mtu wa Mwanza utakayemwamini. Ukiulizwa nani alifunga ofisi Ijumaa ile, sema ni baba yangu.

Nimechelewesha jambo nililotumwa. Nilipokuwa naaga Issuna, Ntandu alinisindikiza mpaka barabarani, kwa adabu tu, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Tulisimama pale upepo unatupiga. Akaniuliza habari zako. Nikamwambia unakwenda Mwanza kwenye mashine, na kwamba ulipoulizwa nani alikufundisha, ulimtaja yeye kwa jina. Akafuta macho, au labda lilikuwa vumbi, sitaki kukudanganya.

"Mwambie nimefurahi," akasema. Sasa alikuwa anasema Kinyaturu, lakini nilijua haongei na mimi. "Mwambie siku ile niliuona mdomo wake ukitetemeka, nikajua. Sikumwekea kitu moyoni, hata siku moja. Alikuwa mtoto. Afanye kazi yake vizuri, alale usingizi."

Nikamwambia nitakufikishia. Nikangoja. Nikauliza, "Na mimi, kaka?"

Alitazama barabara upande wa Manyoni, akakinga macho kwa mkono. Alipogeuka kunijibu, alijibu kwa Kiswahili.

"Basi la kwenda mjini hupita saa tisa," akasema. "Simama upande ule, utaliona vizuri."

Baba yako,
Ramadhani